Kurudi kwa Ceska: shajara ya bastola ya zamani, Nakuru 2025

Jumamosi, 11 Januari

Nimeitoa Ceska chini ya sefu asubuhi ya leo kwa sababu cheti changu cha umiliki wa silaha kinakaribia kumalizika muda, na kabla ya kwenda kukihuisha hupenda kuzisoma namba za silaha kwa macho yangu mwenyewe badala ya kuzinakili kutoka kwenye karatasi za mwaka uliopita. Ilikuwa imeviringishwa katika kipande cha fulana kilicholowa mafuta, kama nilivyoiweka mwaka 2013, na tangu wakati huo imekuwa ikitoka mara moja kwa mwaka, ikisomwa namba, ikifutwa na kurudishwa. Nilitoa magazini, yaani kisanduku cha risasi, nikavuta slaidi, chuma cha juu kinachoteleza nyuma na mbele, nikachungulia chemba na kuingiza ncha ya kidole ndani kuthibitisha kwamba haina kitu, kisha nikaielekeza kwenye ukuta wa mawe wa ghala na kuishika kama mtu anayelenga. Kilengeo cha mbele kiliingia katikati ya pengo la kilengeo cha nyuma bila mimi kukitafuta. Nimekuwa nikikitafuta kilengeo hicho kwenye bastola nyingine kwa miaka kumi na miwili.

Niliinunua mwaka 2003 kwa muuzaji wa silaha mwenye leseni jijini Nairobi. Wakati huo nilikuwa nikisafiri na fedha za mauzo ya mbolea na mbegu kati ya Molo, Njoro na mjini Nakuru, na mkaguzi aliyeshughulikia ombi langu aliniuliza maswali kwa saa nzima kabla ya kuridhika. Ni CZ 75 B, yenye risasi za milimita 9, iliyotengenezwa katika mji wa Uherský Brod nchini Jamhuri ya Cheki, lakini hapa Kenya hakuna anayeiita hivyo. Polisi, waandishi wa magazeti na wauzaji wote huiita Ceska, nami nitaiita Ceska.

Niliiacha kwa sababu tatu ambazo wakati huo niliziona nzito. Ina uzito wa kilo moja ikiwa tupu, na kilo moja kiunoni kutwa nzima dukani ni mzigo. Magazini yake haianguki yenyewe ukibonyeza kitufe, bali hushuka nusu na kusubiri ivutwe. Na risasi ya kwanza, nyundo ya nyuma inayopiga pini ya kugonga risasi ikiwa imelala, hudai kifyatulio kivutwe safari ndefu na nzito, ilhali zinazofuata huvutwa kwa urahisi kwa kuwa slaidi imekwisha kuiinua nyundo. Nikanunua Glock 19, nyepesi, yenye mvuto ule ule kuanzia risasi ya kwanza hadi ya mwisho. Baadaye, katika uwanja wa shabaha na mbele ya wenyewe, nilizijaribu SIG P320, CZ P-10 na nyingine kadhaa za fremu ya plastiki, kila moja ikiwa imesifiwa kuliko iliyoitangulia. Mwishoni mwa mwaka 2018, serikali ilipoagiza wamiliki wote wa silaha wahakikiwe upya, niliziwasilisha zote mbili, Ceska na Glock, na hata siku ile sikufikiria kwamba ya chini ya sefu ina kazi tena.

Nimeamua kuipa miezi saba. Nitapiga Ceska na Glock siku moja, kwa risasi za aina moja zenye kichwa cha gramu 8, umbali wa mita 15, nikiwa nimesimama bila kuegemea kitu, risasi tano kwa kila karatasi, na nitapima kwa rula umbali kati ya matundu mawili yaliyoachana zaidi. Mwezi wa Agosti nitajua ipi ibaki kiunoni na ipi irudi kwa muuzaji.

Jumamosi, 18 Januari

Leo nimeifungua yote juu ya meza, na nimekumbuka kwa nini mikono yangu iliipenda zamani. Nyuma ya slaidi na nyuma ya fremu kuna mistari miwili midogo iliyochongwa. Ukiivuta slaidi nyuma kidogo hadi mistari hiyo ikutane, unaweza kuisukuma pini ya kizuizi cha slaidi kutoka kulia, nayo hutokea kushoto ikiwa na wenzo wake, na slaidi yote huteleza mbele ikabaki mkononi. Kwenye Glock slaidi hukumbatia fremu kwa nje. Kwenye Ceska ni kinyume: reli za fremu ziko nje na slaidi hukimbia ndani yake, kama droo ndani ya meza. Mtindo huo ulitokana na kazi ya mbunifu wa silaha Charles Petter iliyoonekana katika bastola ya Kifaransa ya 1935A na baadaye katika SIG P210 ya Uswisi, na František Koucký, aliyeibuni Ceska kwa msaada wa kaka yake Josef, aliuchukua akauunganisha na namna ya kufunga mtutu inayotoka kwa Mmarekani John Browning.

Bastola hiyo ilitokea mwaka 1975, katika nchi ambayo jeshi lake halikutumia risasi hiyo ya milimita 9. Ilitengenezwa iuzwe nje. Hataza zake zilifanywa siri nchini Chekoslovakia, jambo ambalo halikuzilinda popote kwingine, na kwa sababu hiyo viwanda vya Italia, Uswisi, Uturuki na Israeli viliweza kuutumia mtindo wake. Jericho ya Israeli, ambayo nayo ni jina linalojulikana sana katika habari za polisi wa Kenya, ni ya ukoo huo huo. Aliyezoea moja hahitaji kufundishwa upya kuishika nyingine.

Hali niliyoikuta si mbaya, ila si nzuri. Mafuta niliyoipaka miaka iliyopita yalikuwa yameganda katika reli, ya rangi ya asali iliyokaa. Nilipoyakwangua kwa kijiti cha mwanzi, yalitoka pamoja na vumbi jeupe, laini kama unga wa ngano, ambalo nilijua mara moja lilikotoka: uwanja wetu uko upande wa Gilgil, karibu na ardhi ya mawe meupe ya Kariandusi, na vumbi lile huingia hata ndani ya saa ya mkononi. Rangi nyeusi imechubuka kwenye kona za slaidi, mahali ilipokuwa ikisuguana na ngozi ya mkoba. Mtutu ni safi, mifereji yake inaonekana vizuri dhidi ya mwanga. Springi ya slaidi nimeilaza kando ya springi mpya niliyokuwa nimeinunua zamani na kuisahau, na ya zamani ni fupi kwa upana wa kidole. Nimeibadilisha. Nilipaswa kuibadilisha tangu siku zile nilipokuwa nikipiga risasi nyingi.

Kuna jambo moja lililonisononesha. Kwenye kiungo cha nyundo kuna alama za tupa. Mwaka 2009 nilimpa fundi mmoja aliyeniahidi kukilainisha kifyatulio, naye alisugua mahali ambapo hakupaswa kugusa, akanirudishia bila kuniambia. Nimejaribu mara ishirini, bila risasi, kuona kama nyundo inashika inapoinuliwa na kama inaweza kuteleza ikisukumwa kwa kidole gumba. Inashika. Hata hivyo nitampelekea fundi mwenye idhini aitazame kabla haijapigwa hata risasi moja.

Jumamosi, 1 Februari

Fundi ameithibitisha kuwa salama, akabadilisha springi ya nyundo na pini ndogo inayoishikilia pini ya kugonga risasi. Leo nimeipiga kwa mara ya kwanza tangu 2013.

Matokeo hayapendezi. Glock imenipa wastani wa sentimita 9 kwa karatasi nne. Ceska, nikianza nyundo ikiwa imeinuliwa, imenipa 11. Nikianza nyundo ikiwa imelala, imenipa 17, na katika kila karatasi tundu la risasi ya kwanza liko chini upande wa kushoto, peke yake, mbali na mengine manne yaliyokaa pamoja. Sababu iliyonifanya niiache iko pale pale kwenye karatasi, nami nilirudi nyumbani nikipita Mbaruk na Lanet bila kuwasha redio, nikijiuliza kama miaka iliyopita sikuwa sahihi.

Jambo moja tu lilinizuia kuufunga mradi huu siku ile ile. Risasi nne zilizofuata, ukiiondoa ya kwanza, zilikaa ndani ya sentimita 7 katika karatasi mbili. Glock haijawahi kunipa hivyo.

Jumamosi, 22 Februari

Msimamizi wa uwanja wetu ni inspekta mstaafu aliyefundisha shabaha kwa miaka mingi, nasi sote humwita Afande. Nilimwonyesha karatasi za tarehe 1. Hakusema lolote kuhusu bastola. Alinyoosha mkono akaomba magazini yangu, akanigeuzia mgongo, akaijaza risasi sita, na kati ya hizo akatia mbili za plastiki zisizo na baruti, mahali ambapo mimi sikuweza kujua. Kisha akaniambia, “Mzee, piga taratibu, na mimi nitatazama mdomo wa bastola tu.”

Ya kwanza ililia. Ya pili ililia. Ya tatu ilikuwa ya plastiki, na badala ya mlio kulikuwa na sauti kavu ya nyundo, na mbele ya macho yangu mwenyewe mdomo wa bastola ukainama chini kushoto kama mtu anayeitikia kwa kichwa. Hakuna risasi iliyotoka, hakuna msukumo uliorudi, lakini mkono wangu ulikuwa umekwisha kuusukuma ule msukumo kabla haujafika. Afande alisubiri nimalize, akasema, “Umeona? Hiyo si Ceska. Hiyo ni wewe, na Glock imekufichia kwa sababu mvuto wake ni mfupi. Unamaliza kuvuta kabla hofu haijafika mkononi. Huku safari ni ndefu, hofu inafika kwanza.”

Niliuliza kama inatibika kwa umri wangu, nami natimiza miaka 59 mwezi wa Septemba. Akasema inatibika kwa kuvuta, si kwa kupiga. Dawa yake ni hii: nyumbani, katika chumba kisicho na risasi hata moja ya kweli, bastola ikiwa na risasi za plastiki, ikielekezwa kwenye ukuta wa mawe au mifuko ya mchanga, weka ganda tupu la risasi lisimame juu ya slaidi, nyuma ya kilengeo cha mbele, kisha vuta kifyatulio kutoka nyundo iliyolala hadi igonge, bila ganda kuanguka. Risasi za plastiki zina kazi nyingine pia. Ceska ya aina yangu ikigongwa tupu mara nyingi, ile pini ndogo iliyobadilishwa mwezi uliopita huchakaa na inaweza kukatika.

Jioni hii nimejaribu mara thelathini kwenye ghala, mke wangu akiniwekea ganda kila lilipoanguka, nami nikihakikisha kwanza kidole kiko nje ya kifyatulio. Limeanguka mara ishirini na saba. Mvuto wenyewe, niliposhikisha mizani ya springi ninayopimia maharagwe, ni karibu kilo 5 nyundo ikiwa imelala, na karibu 2 ikiwa imeinuliwa.

Jumamosi, 8 Machi

Habari fupi kuhusu magazini. Kutoanguka kwake hakusababishwi na kasoro. Nyuma ya tundu la magazini kuna bamba jembamba la chuma lililopindwa makusudi ili liibane magazini isipotee mtu anapoitoa. Fundi amelinyoosha kidogo, kazi ya dakika kumi, na sasa magazini inaanguka kwa uzito wake. Nililalamikia jambo hilo kwa miaka kumi bila kumuuliza mtu.

Magazini mbili za bei nafuu nilizonunua mwaka 2011, ambazo si za kiwanda, nimeziondoa. Risasi ya mwisho ikipelekwa chembani, inasimama wima na kukwama mdomoni. Zile mbili za kiwanda, zenye umri wa miaka 22, zinafanya kazi bila tatizo.

Ganda: linaanguka mara kumi na tisa kati ya thelathini.

Jumamosi, 12 Aprili

Mvua imeanza kweli, na uwanja ni matope meupe yanayonata kwenye viatu kama uji wa chokaa. Tulipiga chini ya paa. Ceska ilipiga risasi 60 bila kukwama, na nilikuwa na furaha hadi nilipofika nyumbani kuisafisha. Nilikutanisha mistari miwili, nikaisukuma pini ya kizuizi cha slaidi kutoka kulia, wenzo ukatoka kushoto kama kawaida, lakini nilichobaki nacho mkononi kilikuwa kifupi. Nusu nyingine ya pini ilikuwa bado ndani, chini ya mtutu. Ilikuwa imekatika mahali inapopita kwenye tundu la mtutu, na uso wa mkatiko ulikuwa na rangi mbili: sehemu kubwa ya kijivu iliyofifia, na sehemu ndogo inayong'aa kama sukari. Sehemu iliyofifia ni ufa wa zamani. Ile inayong'aa ndiyo iliyokatika leo.

Maana yake ni kwamba Ceska ilikuwa ikipiga na pini iliyopasuka, pengine tangu kabla sijaifungia kwenye fulana. Afande, nilipompigia simu, hakushangaa. Anasema pini hiyo ndiyo inayojulikana kuwa kiungo dhaifu cha bastola hizi, na kwamba springi ya slaidi ikichoka, slaidi hurudi nyuma kwa nguvu zaidi kuliko ilivyokusudiwa na pini ndiyo hubeba kipigo. Nilipiga maelfu ya risasi kwa springi moja tangu 2003 hadi 2013. Nilikuwa nabadilisha mafuta ya injini ya pikapu kila kilomita 5,000 bila kukosa, na bastola iliyokuwa ikinilinda barabara ya Mau Summit sikuwahi kuibadilishia springi.

Nimeisafisha, nimeifunga, imerudi kwenye sefu. Pini mpya lazima iagizwe kupitia muuzaji mwenye leseni.

Jumamosi, 10 Mei

Pini imefika baada ya wiki nne kasoro siku mbili. Nimeagiza mbili. Imeingia kwa kubanwa kidogo, jinsi inavyopasa, na fundi ameipima nafasi ya mtutu akasema iko sawa. Wiki zote hizo sikuweza kuvuta nyumbani, na ganda linaanguka tena mara kumi na nne.

Jumamosi, 14 Juni

Leo nimepiga karatasi nane, nne kwa kila bastola, na ninataka kuziandika kwa utulivu kwa sababu sikutarajia nilichokiona.

Ceska nikianza nyundo ikiwa imelala: wastani wa sentimita 7. Glock: sentimita 7 na nusu. Hiyo ina maana kwamba Glock nayo imepungua kutoka 9, ingawa tangu Januari sijaifanyia zoezi lolote zaidi ya kuipiga siku za vipimo. Mkono uliotibiwa na mvuto mrefu wa Ceska umeenda kuifaidi Glock. Miaka kumi na miwili nilikuwa nikinunua na kuazima bastola mpya nikitafuta ile itakayoyakaribisha matundu yangu, na kila mpya ilinifurahisha mwezi mmoja au miwili, kwa kuwa kitu kipya humfanya mtu avute kwa uangalifu, kisha kushtuka kwangu kukairudia. Zile za kuazima sikuwahi kubaki nazo muda wa kutosha, na Glock niliyobaki nayo haikuwahi kunidai kiasi cha kunionyesha kosa.

Sisemi kwamba Glock ni mbaya. Jeshi la Austria liliipokea ile ya kwanza, Glock 17, mwaka 1982, na ubora wake hauhitaji ushahidi wangu: yangu haijakwama hata mara moja, ina vipande vichache, na mtu anayeanza leo anaweza kuijua kwa wiki moja. Ninachosema ni kuhusu mkono huu wangu. Mpini wa Ceska umepinda mahali kiganja changu kimejaa, na kwa kuwa slaidi iko ndani ya fremu, mkono hukaa juu, karibu na mstari wa mtutu, kwa hiyo mdomo hauruki sana. Kilo ile niliyoilaumu kiunoni ndiyo inayomeza msukumo. Kwa risasi ya pili, nikiwa na Ceska nakiona kilengeo kikirudi mahali pake. Nikiwa na Glock nakiona kimekwisha kurudi, sijui kilipita wapi.

Ganda: limeanguka mara mbili.

Jumamosi, 12 Julai

Mashindano madogo ya uwanja wetu, watu kumi na wawili, baridi ya Julai ikituuma vidole hadi saa nne. Niliingia na Ceska. Kanuni tunazofuata kwa bastola za aina hii zinataka mshindani aanze nyundo ikiwa imelala kabisa, na hapa lazima niandike kuhusu jambo pekee ambalo bado linanitia wasiwasi.

Ceska yangu haina kitufe cha kuishusha nyundo. Kuna toleo jingine lenye kitufe hicho, hili langu lina kilinda usalama cha kawaida ambacho hufungika tu nyundo ikiwa imeinuliwa. Ili kuilaza nyundo juu ya chemba yenye risasi, lazima uishike kwa kidole gumba, uvute kifyatulio, uache nyundo ishuke polepole, na uachilie kifyatulio mapema ili kizuizi cha pini ya kugonga risasi kirudi mahali pake. Kidole kikiteleza, risasi itatoka. Afande alisimama ubavuni mwangu, mdomo wa bastola ukielekea kwenye tuta la udongo, akasema, “Mkono wa pili pia, Mzee. Kidole gumba cha kushoto kati ya nyundo na chuma, kisha punguza.” Nilifanya hivyo mara tano siku ile, kila mara nikiwa nimekausha vidole kwenye suruali, na sitafanya hivyo popote pengine isipokuwa uwanjani. Kiunoni nitaibeba bila risasi chembani. Najua kuna watakaopinga, na hoja yao ya kasi naielewa, lakini dukani kwangu huingia watoto wa wateja, na huo ndio uamuzi wangu.

Nilimaliza wa nne. Mwaka jana, na Glock, nilikuwa wa tisa. Katika zoezi la pili, ambapo mtu anachomoa na kupiga shabaha tatu kwa risasi mbili mbili, matundu yangu yote sita yalikuwa ndani ya eneo la alama za juu, na la kwanza, lile la mvuto mrefu, lilikuwa karibu zaidi na katikati kuliko yote. Niliomba karatasi hiyo. Afande aliikunja mwenyewe akanipa, akasema tu, “Hii usiitupe.”

Jumamosi, 9 Agosti

Vipimo vya mwisho: Ceska sentimita 6 na nusu, Glock 7 na nusu. Tofauti ni ndogo, na mwingine angesema haitoshi kuacha bastola nyepesi ya kisasa na kurudi kwenye kilo moja ya chuma. Kwangu inatosha, kwa sababu namba ya Ceska bado inashuka na ya Glock imesimama tangu Juni.

Alhamisi nilikwenda kituoni na cheti changu kueleza nia yangu, kisha kwa muuzaji, na utaratibu wa kuirudisha Glock umeanza. Itachukua muda, na hadi ukamilike itakaa kwenye sefu, upande wa juu. Nilipomweleza mke wangu, aliuliza kitu kimoja: “Kwa hiyo zile safari za kujaribu mpya mpya zimekwisha?” Nikamwambia zimekwisha.

Nimenunua mkoba mpya wa ngozi uliotengenezwa kwa kipimo cha Ceska, na mkanda mpana zaidi, maana mkanda wa zamani ulikuwa ukipinda na ndio uliofanya uzito ule uonekane mkubwa kuliko ulivyo. Nimevaa kutwa nzima dukani siku tatu mfululizo, nikibeba magunia ya mbegu na kupanda ngazi za ghala. Kiuno hakijauma. Ile sababu ya kwanza ya mwaka 2013 ilikuwa ya mkanda.

Tangu Februari imepiga risasi 740. Chini ya ubao wa mpini wa kulia nimeweka kipande kidogo cha karatasi kilichofungwa kwa plastiki, nikaandika tarehe ambayo springi ilibadilishwa, tarehe ya pini, na idadi ya risasi, na nitakuwa nikiiandika upya kila mwisho wa mwezi. Pini ya akiba iko kwenye bahasha ndani ya sefu. Ganda halijaanguka tangu tarehe 20 Julai, kwa hiyo kuanzia kesho jioni nitaanza kuvuta kwa mkono wa kushoto.